Mtambo wa kuchoronga unatikisika kupita kiasi, naombeni ushauri

Kijana wa Pongwe: Wakuu, heshima kwenu. Nachoronga kisima cha maji huku Pongwe, Tanga, kwenye jiwe la chokaa. Tangu nipite mita 40 mabomba yanagonga, mlingoti unacheza, geji ya presha ya kuzungusha inaruka kutoka 60 hadi 150 halafu inaporomoka. Biti, kile kichwa cha kukatia mwamba, ni PDC, yaani ya meno ya almasi bandia, mtumba ila meno yote yapo. Mwenye shamba anakuja Jumamosi. Niongeze uzito nimalize au nipunguze mwendo? Nipo chini ya miguu yenu.

Samaki Mbichi: Jirani zako mapango ya Amboni hao. Umegonga mlango wa watu bila hodi 😂

Mama Mwambani: Kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani unacho? Maana nyie wachorongaji mkishapokea advansi hamuonekani tena. Kisima changu kilianza na maji matamu, tukavuta kwa pampu kubwa mchana kutwa, bahari ikaingia. Leo sabuni haitoi povu. Aliyechoronga hapokei simu.

Tope Zito: Nimekaa kwenye rigi za gesi huko kusini. Geji ikiruka hivyo, mara nyingi biti inanata na kuachia: chini imesimama, juu mtambo unazungusha, mabomba yanajisokota, kisha yanafyatuka na biti inakimbia mara mbili au zaidi ya mwendo unaouona juu. PDC inaongoza kwa tabia hiyo. Unapunguza uzito, unaongeza mzunguko. Ila bomba likipiga kuta, huo ni ugonjwa mwingine na dawa yake ni kinyume: mzunguko chini, uzito juu. Kwa vyovyote nyanyua biti kwanza, itulie, ndipo uanze upya. Una kola ngapi, yale mabomba mazito ya juu ya biti?

Kijana wa Pongwe: Shukrani mkuu. Kola zipo. Kwa hiyo nikiongeza uzito siyo mbaya?

Tope Zito: Sijasema hivyo. Ngapi?

Kenta ya Muheza: Gari langu lilitetemeka hivyohivyo, fundi akabadilisha kila kitu, kumbe ni krosi ya propela. Laki tatu zimekwenda.

Tope Zito: Kijana, kola ngapi?

Kijana wa Pongwe: Sawa. Kola ziko Korogwe, usafiri haujalipwa. Nasukuma kwa haidroliki ya mtambo, uzito si uzito tu? Na bomba moja lilikatika karibu na maungio, nimeshalichomelea Ngamiani. Fundi anachomelea mpaka meli huyo. Limekaa vizuri.

Mama Mwambani: Si nilisema.

Tope Zito: Siyo uzito tu. Kola ni nene, inakaa chini na kubeba ukandamizaji, mabomba membamba ya juu yanabaki yamevutwa, yamenyooka. Wewe unasukuma kutoka juu, kwa hiyo yote yanapinda na kupiga kuta. Na hiyo weldi, moto umeharibu chuma cha pembeni. Mtetemo utakata hapohapo. Ukiachia vipande shimoni utaanza kuvua, na biti utaisahau.

Mzee wa Data: Samahani, hii ni chai. Kunata na kuachia ni habari ya visima vya kilomita kadhaa, mabomba yana urefu wa kujisokota. Mita 40 yajisokote wapi? Mleta uzi kajiunga jana.

Samaki Mbichi: Chai na mkate wa kumimina. Leta picha!

Kijana wa Pongwe: Picha siweki, mwenye shamba anaweza kuwa humu. Nilichoona ni hiki: sehemu iliyokatika, nusu ya duara ina kutu ya zamani, nusu inang'aa. Tungeni wenyewe basi.

Tope Zito: Mzee wa Data hoja yako ya urefu ni ya kweli, huenda ni mabomba kupinda na kupiga kuta, ndiyo maana nilikazania kola. Lakini kutu nusu na mng'aro nusu hatungi mtu asiyelishika. Ufa ulikuwepo tangu aliponunua, mtikisiko umemalizia. Kijana, yakague yote kwenye maungio, hilo la weldi ligeuze nguzo ya banda.

Mzee wa Data: Bado nasubiri picha.

Kijana wa Pongwe: Nimemwambia mwenye shamba aje wiki ijayo, kanuna. Kola ni nne. Nani ana gari linalotoka Korogwe?

Kenta ya Muheza: Nipo. Uzito wake? Na unalipa kabla, siyo ukishapata maji.