Glock 43X MOS na Holosun 507K: pleti, kupiga tupa, au nibadilishe kioo?

Kirumba_Houston

Wakuu, heshima kwenu.

Nina bastola ya Glock 43X MOS, ile ambayo slaidi yake (sehemu ya juu inayoruka nyuma) imechongwa kiwandani ibebe kioo cha kulengea. Huu mwaka wa pili naitembeza kiunoni, kwa mbele, kila ninapotoka kazini saa saba usiku. Nahudumia wazee majumbani, na maegesho ya huko taa zake unazihesabu kwa vidole. Nimefika miaka 44, kilengeo cha mbele siku hizi nakiona kama kimevaa ukungu. Mwezi uliopita rafiki akaniuzia Holosun 507K X2, kioo cha kulengea chenye nukta ya mwanga, kwa dola 180, na kikasha chake na skrubu zake.

Nikadhani ni kupachika tu. Nimetoa kifuniko cha juu ya slaidi, nimeweka kioo, hakikai. Kinapanda juu ya vijino viwili vya nyuma, kinayumba kama sufuria kwenye mafiga mawili.

Muuzaji wa dukani anataka ninunue pleti ya kukaa katikati ya slaidi na kioo. Video zinasema nivipige tupa hivyo vijino. Mwenzangu kazini anasema slaidi itumwe ikachongwe. Nimsikilize nani? Na kabla hamjaniuliza, kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa Marekani, ninayo.

Chuma_Tupu

Mkuu, uza hicho kioo, ununue risasi na kilengeo cha mbele chenye rangi ya chungwa. Babu zetu walipiga bila betri.

MamaRayan_DFW

Chuma_Tupu, babu zetu pia walitembea kwa miguu, na wewe unaendesha gari la Tacoma.

Kaka Kirumba, umefanya vizuri kutaja kadi. Kuna vijana huku wako na viza ya masomo, wanasikia Texas haihitaji kibali cha kubeba bastola tangu Septemba 2021 wanafikiri ni ya kila mtu. Sheria ya taifa inakataza wengi wenye viza za muda kumiliki silaha, hata kununua risasi. Wasijaribu.

Kuhusu kioo, mimi niliweka pleti kwa 43X yangu. Inafanya kazi. Lakini kioo kilipanda, na vile vilengeo vya kiwandani vikazama, sivioni tena kwa dirisha. Ikabidi ninunue virefu. Ukijumlisha, pleti ya bei rahisi haikuwa rahisi.

Halafu kuna kitu hakuna mtu aliniambia. Nukta yangu ilikuwa inaonekana kama koma yenye mkia. Nikataka kurudisha kioo dukani. Binti yangu akapiga picha na simu kupitia kioo, na kwa picha nukta ni mviringo kabisa. Kumbe ni jicho langu! Sasa napunguza mwanga na ule mkia unaisha karibu wote. Jaribu simu kabla hujagombana na mtu.

Fundi_wa_Raskazoni

Marahaba, Kirumba. Shikamoo hujanipa, lakini ungeona hizi mvi ungenipa.

Mimi ni fundi wa mashine ya kuchonga vyuma, kazi niliyoanzia Tanga kwa baba na kuendelea nayo hapa. Kwenye karakana ninayofanyia kazi, slaidi za bastola ni mkate wangu tangu 2013. Nitakujibu kifundi.

Anza na vijino vyenyewe, vinafanya nini pale. Bastola ikilia, slaidi inaruka nyuma, inagonga, inarudi mbele. Kioo kilichokaa juu yake hakitaki kwenda popote, kinataka kubaki kilipokuwa. Vijino ndivyo vinavyopokea teke hilo. Skrubu kazi yake ni kukandamiza kioo kisiinuke, basi. Nimeletewa skrubu nyingi zilizokatika shingo, na karibu zote nilikuta kioo kinacheza kwenye vijino, skrubu imebebeshwa mzigo usio wake.

Sasa, 43X MOS ilichongwa kwa unyayo (mpangilio wa vijino na matundu) wa kioo cha Shield RMSc, yaani vijino mbele na vijino nyuma. Holosun kwenye 507K walifuata unyayo huohuo ila mashimo ya nyuma hawakuyaweka. EPS Carry, kioo chao kingine, ni vilevile. Kwa hiyo huyo mwenzako wa kuchonga mwambie slaidi yako ilishachongwa kiwandani. Kuchonga ni kwa mtu mwenye slaidi nzima isiyo na nafasi, mfano Glock 19 ya zamani. Huyo namshauri achonge, na asihangaike na vile vibati vinavyopachikwa kwenye mfereji wa kilengeo cha nyuma: vinanyanyua kioo juu kama kofia ya bwana harusi na vinakunyang'anya kilengeo. Slaidi peke yake kisheria si silaha, silaha ni fremu yenye namba, kwa hiyo unaituma kwa posta kama kifurushi kingine. Ila ukishachonga umeoa. Unyayo wa RMR, kioo cha Trijicon, utabaki wa RMR.

Na fundi anakosea. Mwaka 2019 nilimchongea bwana mmoja nikifuata mchoro badala ya kupima kioo chake. Nafasi ikazidi kidogo sana, karatasi ingepita. Kwenye meza kioo kimetulia, uwanjani kila risasi hamsini nukta imehama. Nilimnunulia slaidi nyingine kwa fedha yangu. Tangu siku ile mteja asiponiletea kioo chenyewe sigusi mashine.

Pleti siipendi, ingawa si haramu. Kwenye Glock 19 MOS hesabu: pleti ina skrubu mbili kwenda kwenye slaidi, kioo kina mbili kwenda kwenye pleti. Nne za kulegea badala ya mbili. Aimpoint walipoleta kioo chao cha COA mwaka 2025 pamoja na Glock, walitumia mkato mwingine kabisa: mbele kioo kinaingia chini ya ndoana, nyuma kabari inakivuta chini. Nilipokiona nikacheka, maana ni kazi ya seremala hiyo.

Kwako wewe una njia mbili za maana. Badilisha kioo, utafute chenye unyayo kamili wa RMSc, hakuna cha kugusa. Au piga tupa vijino viwili vya nyuma. Ningekuwa mimi, tupa. Vya mbele vinabaki, na ndivyo vitakavyoshika. Ukijutia baadaye, RMSc bado itakaa, itashikwa na vya mbele tu. Dhamana ya kiwandani usiitegemee tena kwa sehemu hiyo.

Bastola tupu, angalia chemba mara mbili, risasi ziwe chumba kingine. Toa slaidi, ondoa kila kitu ndani, ziba matundu kwa karatasi laini. Tupa bapa ndogo kama ya sonara. Zungushia utepe pande zote ubakize kijino peke yake. Sukuma mbele tu, usikwaruze kwenda na kurudi, na simama kila misukumo mitano ujaribishe kioo. Ukifika sakafuni acha. Ukichimba sakafu kioo kitakaa upande. Chuma kitakachobaki cheupe kipake dawa ya kuweusha au mafuta, maana jasho la Houston linakula chuma wiki moja.

Skrubu: safisha matundu kwa spiriti mpaka yakauke, tone moja la Loctite ya buluu, ile gundi ya skrubu, moja, si mchuzi. Kaza kwa spana inayopima nguvu. Trijicon kwa RMR yao wanaandika inchi-paundi 12, mimi kwenye hivi vidogo sijawahi kuvuka 15. Iache siku nzima ikauke. Kisha chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha skrubu mpaka kwenye kioo. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka, na umejua kabla nukta haijakudanganya.

Kirumba_Houston

Shikamoo fundi! Nimefanya Jumamosi. Kijino cha kwanza misukumo 40, mikono inatetemeka kama namtahiri mtoto. Cha pili kilikwenda haraka. Kioo kikashuka na kukaa kimya, hakichezi hata chembe.

Leo nimekwenda uwanjani. Risasi ya tatu, ganda limebaki ndani. Ya saba tena. Miaka miwili bastola hii haijawahi kukwama hata mara moja. Nimeharibu nini?

Fundi_wa_Raskazoni

Marahaba. Hujaharibu kitu, lawama ni yangu, nilitakiwa kukuandikia hili tangu mwanzo.

Ni skrubu ya kulia. Chini ya tundu lile inapita njia ya kipini kinachosukuma ile kucha inayovuta ganda. Skrubu ikizidi urefu, ncha yake inakibana kipini na kucha inakufa ganzi. Toa risasi zote, toa slaidi, ilegeze skrubu ya kulia mizunguko miwili, sukuma kucha kwa ncha ya kijiti. Ikicheza kwa springi umempata mwizi. Usipige na skrubu imelegea hivyo! Tafuta fupi ya saizi hiyohiyo, au isage ncha, uzi mmoja mmoja, mpaka ukiikaza kabisa kucha bado inacheza.

MamaRayan_DFW

Hii ilinipata hata mimi na pleti. Nilibadilisha magazini tatu nikifikiri ni springi.

Kirumba_Houston

Ilikuwa hiyohiyo. Nimesaga nyuzi mbili, nimeosha, Loctite, nikasubiri siku nzima. Leo risasi 150 hakuna ganda lililokwama. Nimeweka sifuri yadi 15, yaani nukta ilipo ndipo risasi inapogonga. Nimezima ile duara kubwa, nimebaki na nukta ndogo ya MOA 2 (kipimo cha pembe) pekee.

Tabu iliyobaki ni yangu: nikichomoa haraka nukta siioni, naitafuta dirishani kama mtu aliyeangusha sindano. Nikiinua bastola taratibu ipo. Na nikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi kioo chote kinapiga ukungu.

Fundi_wa_Raskazoni

Ukungu ni wa Houston, miwani yangu pia inaupata. Kuna dawa ya kupaka kwenye kioo, ile ya wapiga mbizi. Kila wiki lipulize pia vumbi la nguo litoke, maana linajaa kwenye taa ndogo ya ndani.

Nukta: unaiinua bastola kutoka chini kuja juu, ndiyo maana. Ilete kifuani kwanza halafu isukume mbele moja kwa moja, macho kwenye shabaha. Bastola tupu, ukutani, kila jioni mara ishirini kabla ya ugali.

Chuma_Tupu

Hiyo 507K ukichoka nayo, dola 150 ninazo.