Udongo wa kufunikia umekuwa mweupe pee lakini uyoga hauchomozi: naombeni ushauri

Mkulima_Mgeni: Wakuu, salamu kwenu. Nimepanda uyoga wa vifungo; mbegu zilishika mboji vizuri, na siku 18 zilizopita niliifunika kwa udongo wa kimo cha sentimita 4. Siku ya 5 tu utando, yaani zile nyuzi nyeupe za uyoga, ulikuwa umekwisha kutokeza juu. Leo umetanda kama ngozi ya ngoma, na maji ninayonyunyiza yanabaki matone matone bila kuzama. Hakuna hata kichwa kimoja. Nimekwisha kununua udongo mwingine. Je, niuongeze juu ya huu?

Mzee_wa_Mboji: Kazi ya udongo huo si kuulisha uyoga bali ni kuutunzia maji, kwani takriban sehemu 9 kati ya 10 za uyoga ni maji. Mimi mara ya kwanza niliuchanganya na samadi, nikavuna ukungu wa kijani mtupu. Je, uliweka chokaa ya kutosha?

Cheka_Kidogo: Ngozi ya ngoma unayo, bado wapigaji.

Kipimajoto: Mkuu, hujataja hewa. Chumba kina nyuzi joto ngapi, na madirisha yakoje?

Mkulima_Mgeni: Chokaa niliweka. Joto ni nyuzi 25, lile lile la wakati mbegu zikishika. Madirisha niliyaziba kwa nailoni kwa sababu ya nzi, na sioni kosa hapo, maana nzi hueneza magonjwa na uyoga unapenda unyevu.

Kipimajoto: Basi chanzo ni hicho. Nzi huzuiwa kwa wavu mwembamba, si kwa kuziba pumzi. Joto hilo, pamoja na hewa ya ukaa iliyojaa chumbani, huufanya utando uendelee kutambaa badala ya kufunga vichwa. Shusha joto la hewa hadi nyuzi 16 au 18, ingiza hewa safi mpaka hewa ya ukaa ipungue chini ya asilimia 0.1, na unyevu wa hewa ubaki karibu asilimia 90. Ngozi hiyo ikwaruze kwa uma, juu juu tu, kisha unyunyize maji kidogo kidogo ili udongo usigande. Ukiongeza udongo bila kufungua hewa, nao utafunikwa vivyo hivyo.

Shahidi_wa_Pili: Samahani, mimi nina shaka na kisa hiki. Utando kupenya sentimita 4 kwa siku 5? Wangu huchukua zaidi ya wiki. Huenda mwenzetu hana hata kitanda kimoja cha uyoga.

Mkulima_Mgeni: Sijatunga lolote. Nilichanganya ndani ya udongo konzi chache za mboji iliyokwisha kushika utando. Sikulisema hilo kwa kuogopa kuchekwa.

Mzee_wa_Mboji: Wala si la kuchekwa, wakulima wakubwa hufanya hivyo makusudi ili utando uwahi kufika juu. Ila aliyeuharakisha utando hana budi kuwahi kufungua hewa pia, nawe umechelewa karibu wiki mbili.

Mkulima_Mgeni: Nimewaelewa. Nimebandua nailoni ya dirisha moja. La pili litasubiri wavu. Nusu ya kitanda nimeikwaruza, na nusu nyingine nimeiongezea ule udongo mpya, kwa kuwa fedha yake ilikwisha kutoka.