Ngome ya Gwalior ya William Hodges: kumbukumbu au bango la mshindi?

Mwinyi_Rangi: Wakuu, Hodges, mchoraji Mwingereza, aliichora ngome ya Gwalior, India, mwaka 1783. Miaka mitatu kabla, usiku wa Agosti 3, 1780, askari wa Kampuni ya India Mashariki, ile ya biashara ya Waingereza, chini ya Kapteni Popham walipanda kwa ngazi mwamba ilikojengwa ngome wakaiteka. Mfadhili wa Hodges ni Warren Hastings, Gavana Mkuu wa Kampuni. Picha ya namna hiyo tuiamini kama historia?

Msomi_wa_Kitaa: Bango hilo. Jabali limekuzwa litishe, ili walioliteka waonekane vidume.

Pwani2: Si ndiko alikouawa Rani wa Jhansi, yule malkia aliyepigana na Waingereza? Basi mwaka wako umekaa vibaya, mleta mada.

Mwinyi_Rangi: Huyo ni Juni 1858, karibu na hapo hapo. Vita vingine kabisa. Soma kwanza, ndugu.

Pwani2: "Soma kwanza" unamwambia nani? Mimi nimeuliza kwa adabu.

BiStara: Wanangu, tulieni. Mkitaka ukweli watazameni wachoraji akina Daniell, Thomas na William mtoto wa nduguye, waliokuwa India 1786 hadi 1793. Walitumia kamera obskura: sanduku lenye lenzi, sura ya jengo inaangukia karatasini, wewe unafuatisha kwa penseli. Walipofika alikopita Hodges wakaona michoro yake haioani na majengo.

Msomi_wa_Kitaa: Kufuatisha? Huko ni kudesa, bibi. Kama wapiga picha wa harusi: lenzi inafanya kazi, wao wanakula pilau.

Picha_Safi: Nilikuwa napita tu, lakini hapa nashuka. Mimi napiga harusi na watoto wanasoma kwa hiyo kazi. Bibi harusi maji ya kunde, gauni jeupe, saa nane juani. Ukipima mwanga wa gauni, uso unakuwa giza. Ukipima wa uso, gauni linaungua, lesi yote inapotea. Lenzi haikuamulii hapo. Njoo ushike wewe.

Msomi_wa_Kitaa: Nimekutaja jina?

Picha_Safi: Umetaja pilau. Na hao Daniell nao, sanduku halikuwachagulia pa kusimama.

Mwinyi_Rangi: Jamani, Gwalior! Ikulu ya mfalme Man Singh mle ngomeni ina vigae vya buluu, bata na tembo ukutani. Ukisimama mbali huvioni, unabaki na mwamba na boma la kijeshi tu. Nyumba ya watu imeyeyuka. Hilo ndilo ninalosema.

Msomi_wa_Kitaa: Ndilo nililosema mimi tangu mwanzo, ila kwa maneno machache.

Pwani2: Mimi bado nasubiri radhi yangu.

BiStara: Wewe Picha_Safi, sendofu unafanya bei gani? Nina binti anaolewa Desemba, na rangi yake ndiyo hiyo hiyo uliyoitaja.