Hivi siku hizi toleo la mashindano linachaguliwa kwa dole gumba?

Ngao_ya_Kioo (mleta uzi)

Wakuu, naandika hii mikono bado inatetemeka, herufi zikirukaruka mtanisamehe.

Yule bwana amefanya tena. Jina sitaji, mnamjua, na kama humjui basi wewe ni mgeni, karibu sana, kaa naye mbali. Yule mwenye funguo za seva. Yule ambaye ratiba ikichelewa ni mtandao wenu, ikiwahi ni juhudi zake.

Ametangaza kwamba kuanzia sasa toleo rasmi la mashindano yetu ya Project M, ile Super Smash Bros. Brawl ya Nintendo (mchezo wa kupigana hadi mtu atoke jukwaani) iliyorekebishwa na mashabiki, ni 3.02. Rudieni kusoma. Tatu nukta sifuri mbili. Si 3.6. Tumerudishwa nyuma kama watoto waliofeli, tena wote, hata waliofaulu.

Nikamwandikia. Si matusi. Niliandika ujumbe mrefu, wenye aya, koma kila moja mahali pake. Hata mtihani sijawahi kuuandika kwa uangalifu ule. Nimeutolea jasho. Nimeufuta, nimeuandika upya, nimeongeza "kwa heshima na taadhima" mwanzoni.

Akajibu dole gumba.

👍

Moja. La njano. Mbele ya kundi zima. Hakuandika hata "nimeona".

Nilimweleza kwamba 3.6 ndiyo neno la mwisho la timu yenyewe. Ilitoka Agosti 2015, na tarehe 1 Desemba mwaka huohuo wakatangaza wamefunga kazi, mafaili yakaondolewa kwenye tovuti yao, kwaherini. Hakuna 3.7. Hatashuka malaika na 3.7. Mchezo ambao wenyewe wameshauacha, mahali pekee ambapo watu wazima wanaweza kukubaliana ni pale kalamu ilipowekwa chini. Jibu: dole.

Nikamkumbusha 3.02 ilivyokuwa. Unampiga mtu, anatoka nje ya skrini, unanyoosha vidole, unakunywa maji, unarudi kuangalia unakuta ameshapanda jukwaani kwa mlango wa nyuma na anakusubiri. Kila mtu alikuwa na njia za kurudi kuliko nyumba yenye milango minane. Ndiyo maana timu ikatoa 3.5 Novemba 2014 ikawakata watu kucha. Hawakufanya vile kwa chuki, walichoka kuangalia mechi zisizoisha. Jibu: dole.

Na tusidanganyane, kila mtu hapa anajua kwa nini anaitaka 3.02. Mhusika wake pale alikuwa mfalme. Ilipokuja 3.5 akawa raia. Mpaka leo hajamaliza kuomboleza, sasa ameamua sote tuvae nyeusi.

Mtaniambia palikuwa na kura. Kura gani? Ilifunguliwa watu wamelala, ikafungwa kabla hawajaamka. Machaguo yalikuwa "3.02", "Ndiyo, 3.02" na "Sijali". Nasikia "Sijali" iliongoza, wakaihesabu upande wa 3.02.

Kinachonichoma ni kwamba siwezi hata kususa na kusema kila mtu acheze lake. Tunacheza kwa mtandao. Dolphin (programu ya kuendeshea michezo ya Wii kwenye kompyuta) yangu na yako zisipokuwa na mafaili yaleyale kabisa, mashine zinaachana katikati ya mechi: kwangu nimekumaliza, kwako mimi naruka shimoni peke yangu nikicheka. Mmoja akishachagua, ndiyo tumechaguliwa wote. Uamuzi mzito kiasi hicho, mtu anauthibitisha kwa kidole kilekile anachobonyezea kitufe cha kuruka.

Narudia kwa waliofika sasa hivi: ujumbe ulikuwa na AYA. Akanipa dole.

---

Kirby Mwenye Njaa

👍

---

mzee_wa_weivudashi

Wa kwanza baada ya dole. Naweka kambi hapa. Endelea kutoa povu mkuu, wengine tumekuja kufulia.

---

Sauti ya Falco

Mleta uzi, tuwekee huo ujumbe wenyewe. Bila ujumbe uzi haujakamilika.

---

Ngao_ya_Kioo

Huu hapa, nimeambatisha. Soma uone kama unastahili dole.

---

Sauti ya Falco

Nimefika aya ya pili. Mkuu, kwa moyo mweupe kabisa: 👍

---

Pichu Aliyeachwa

Mimi niko upande wa 3.02 na sioni haya. Mlisahau siku 3.0 ilipotoka, Desemba 2013? Mewtwo na Roy, waliokuwa kwenye Melee, Smash iliyotangulia Brawl, wakaachwa nje na Brawl, wanarudi siku moja. Wahusika 41 na kila mmoja ana jambo lake la kishenzi. Ukishindwa umeshindwa na kitu cha ajabu, unacheka. Ninyi wa 3.6 mnacheza kama mnajaza fomu.

Na hayo ya milango minane, kama mtu anarudi kila mara, mfuate ukamzuie. Wewe unakunywa maji halafu unalilaumu toleo.

---

Ngao_ya_Kioo

Nakuheshimu, lakini jibu swali: dole ni jibu?

---

Pichu Aliyeachwa

Kwa aya nane, ndiyo.

---

Shina_la_Ivysaur

Nacheka mpaka naumia mbavu. Mnagombea makaburi mawili, huyu anataka la kushoto yule la kulia, na jirani kuna mtu mzima anapumua. Project+ ipo. Imejengwa juu ya hiyohiyo 3.6 mnayoililia, watu wanaitunza, wanarekebisha, Knuckles yumo ndani. Kwa nini tunapiga kura kuchagua maiti?

---

Ngao_ya_Kioo

Project+ si timu ileile. Ukishaanza kukubali kila mtu aliyepokea mafaili na kuongeza lake, kesho binamu yangu naye atatoa Project M ya kwake.

---

Shina_la_Ivysaur

Sawa kaka. Na Project M ilitengenezwa na nani? Walitumwa na Nintendo? Si watu waliochukua Brawl ya 2008, wakaona haiwafai, wakaibomoa ifanane na Melee. Kama sheria yako ni "walipoishia wenyewe ndiyo mwisho", basi wenyewe waliishia Brawl. Kacheze Brawl. Kajikwae.

---

mzee_wa_weivudashi

Ooooh. Hapo mleta uzi ametua bila kukinga.

---

Ngao_ya_Kioo

Msinitoe kwenye mada. Mada ni dole.

---

Kirby Mwenye Njaa

Nilidhani mada ni toleo?

---

Lagi Kubwa

Mmetaja kujikwaa mmenitonesha kidonda. Kuna wazee hapa hawajui kwamba kwenye Brawl mhusika alikuwa anaweza kuanguka chini mwenyewe kwa bahati nasibu, eti umegeuka kukimbia, puu, umekaa kitako. Niliwahi kushinda mechi nzima moyoni halafu mtu wangu akaamua kupumzika. Project M kwangu ingeweza kuondoa hilo tu na isifanye kingine, ningeicheza hadi leo. 3.02, 3.6, 2.5, mimi nipeni yoyote ambayo miguu inafanya kazi.

---

Taji_la_Peach

Lagi Kubwa usitoe hotuba hapa, wewe unacheza kwa Wi-Fi. Tatizo la mashindano yetu si toleo. Ni watu wanaoingia na intaneti ya kuazima. Mechi ya maisha 4 dakika 8, dakika 6 tunaangalia picha iliyoganda.

---

Lagi Kubwa

Kebo ilikatika. Nimeshaeleza.

---

Taji_la_Peach

Ilikatika tangu 3.5 itoke?

---

Mgeni_Mtulivu

Samahani wakuu, hivi huu ni ule wa mpira?

---

Sauti ya Falco

Ndiyo. Mfungaji bora ni yule mwenye dole.

---

Kisigino cha Marth

Mimi nina hoja na itawaudhi wote sawasawa. Toleo lolote mtakalochagua, L-kanseli iondoke. Nieleze mtu mwenye akili zake timamu: kwa nini kila nikitua kutoka kwenye shambulizi la hewani lazima nibonyeze kitufe cha ngao ndani ya fremu chache kabla ya kugusa chini, la sivyo nakaa palepale nimeganda? Kwenye Melee nafasi ilikuwa fremu 7, na sekunde moja ina fremu 60, jipigieni hesabu wenyewe. Hakuna hata siku moja ambapo kutobonyeza ni uamuzi mzuri. Kama jibu ni lilelile kila mara, acheni mchezo ujibonyeze wenyewe.

---

mzee_wa_weivudashi

Nashuka kambini kwa hasira. Huyu apewe dole jekundu.

---

Pichu Aliyeachwa

Haiwi jibu lilelile. Mpinzani akiweka ngao muda unabadilika, ukimkosa unabadilika, ndiyo utamu wenyewe. Tena Project M imekuhurumia, ukifanikiwa mhusika anang'aa mwanga mweupe ujue umepata. Melee ilikuwa haikwambii kitu, unakaa gizani na dhambi zako.

---

Kisigino cha Marth

Kwa hiyo utetezi ni kwamba kazi isiyo na maana sasa ina taa.

---

Shina_la_Ivysaur

Hii nimeipenda. Sikubaliani nayo lakini nimeipenda.

---

Faili_Lililovuja

Wadau mnahangaika. Mimi ninalo lile toleo ambalo halikuwahi kutoka, lililovuja baada ya timu kufunga. Tukilichukua hilo kila mtu anakuwa mgeni, hakuna mwenye faida.

---

Taji_la_Peach

Kuna mhusika mule hajamalizwa hata mavazi. Unataka tufanye fainali na mtu aliye uchi wa kidijitali?

---

Faili_Lililovuja

Angalau timu ileile.

---

Ngao_ya_Kioo

Wakuu. WAKUU. Nimepita kwenye uzi nikaangalia nani amependa chapisho langu la kwanza. Yeye. Mwenyewe. Amelipenda. Kwa kitufe cha dole.

---

Kirby Mwenye Njaa

Nimekufa. Nizikeni na 3.02.

---

Sauti ya Falco

Huyo si mwandaaji tena, huyo ni msanii. Ngao_ya_Kioo, kubali, umepigwa mara mbili na pigo moja.

---

Ngao_ya_Kioo

Hamuoni uzito? Ameona kila kitu nilichoandika, milango minane, mfalme akawa raia, kura ya wafu, yote kayasoma, na bado hana neno. Mtu anapanga watu wacheze toleo ambalo hata waliolitengeneza walilirekebisha mara mbili kwa sababu lilikuwa na kasoro, na

---

Taji_la_Peach

Umekatika katikati. Naye anatumia Wi-Fi.

---

Lagi Kubwa

Karibu chamani kaka.

---

Mlinzi wa Jukwaa

Tukiwa tunazungumzia mambo ya rasmi, kuna aliyeona orodha ya majukwaa aliyotoa pamoja na tangazo? WarioWare imo. Ile ndogo. Ukikohoa upo nje. Na mpinzani wangu wa raundi ya kwanza anacheza Bowser, ambaye peke yake anajaza nusu ya lile jukwaa. Mnalia na nukta za toleo, mimi nitapigwa nikiwa sina pa kusimama.

---

Pichu Aliyeachwa

WarioWare iko sawa, lipige marufuku kabla ya mechi ya pili na maisha yaendelee.

---

Mlinzi wa Jukwaa

Nikipoteza nafasi ya kupiga marufuku kwa WarioWare, ananipeleka Dream Land, tunakaa huko mpaka mwaka mpya kwa sababu hakuna anayekufa.

---

Kisigino cha Marth

Angalau Dream Land una muda wa kukosea L-kanseli kwa amani.

---

mzee_wa_weivudashi

Kuna mtu amzuie huyu.

---

Shina_la_Ivysaur

Na mjue tunabishana kana kwamba kuna mtu anatusubiri huko nje. Kwenye mashindano makubwa ya Smash, Apex ya 2014, Project M ilichezwa. Apex ya 2015 Nintendo akawa mdhamini, Project M haikuwemo. Mwaka haujaisha timu nayo ikafunga. Mashindano pekee tuliyobakiwa nayo ni haya tunayojipangia wenyewe, na aliyekubali kukesha akiyapanga ni mmoja, mwenye vidole vyake. Nani kati yenu yuko tayari kuchukua hizo funguo za seva?

---

Sauti ya Falco

*(kimya kirefu)*

---

Kirby Mwenye Njaa

Mimi naweza kuwa mtu wa kuweka madole.

---

Ngao_ya_Kioo

Nimerudi, umeme wa ruta ulizimika. Napandisha uzi. Bado sijajibiwa kuhusu 3.02.

---

Mgeni_Mtulivu

Nimesoma yote. Nimependa kweli. Sonic yumo?

---

Lagi Kubwa

Yumo, 3.02 na 3.6 zote. Ndiye pekee anayekimbia vizuri hata kwa mtandao wangu.

---

Taji_la_Peach

Hakimbii vizuri. Kwako anakimbia, kwetu anahama kwa kuruka picha, tunamwona pale, kisha kule, kisha tumekufa. Nashauri sheria mpya: kabla ya mechi mtu apige picha ya kebo yake ikiwa imechomekwa, aiweke hapa.

---

Mlinzi wa Jukwaa

Naunga mkono.

---

Pichu Aliyeachwa

Naunga mkono. Na vidhibiti vionekane pia, kuna mmoja hapa anacheza kwa kibodi na ananifunga, sitakubali hilo liwe kweli.

---

Kisigino cha Marth

Ni mimi.

---

Pichu Aliyeachwa

Wewe unayelalamikia kubonyeza vitufe una vitufe zaidi ya mia!

---

Lagi Kubwa

Picha ya kebo ya zamani inakubalika?