Fundi kabonyeza OK kwa kidole cha mwisho, kanigeukia, kaniambia "umeona? Imeondoka"

Mama Pacha

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka, kwa hiyo herufi zikipishana mnisamehe.

Ametoka hapa kwangu sasa hivi, hata kiti alichokalia bado cha moto. Simtaji jina, sheria za jukwaa nazijua, lakini mnamjua. Yule mwenye flashi kumi na mbili kwenye mnyororo wa funguo, akitembea analia kama ng'ombe mwenye kengele. Yule ambaye hujamaliza kueleza ugonjwa wa mashine, yeye keshasema "hii tupige Windows upya", yaani aifute yote aiweke tena. Huyo huyo.

Shida yangu ilikuwa moja. Mwezi uliopita antivairasi ilikamata vairasi kwenye kompyuta ya nyumbani, ikasema imemfuta, nikashukuru. Tangu siku ile, kila nikiwasha na kuweka nywila, kabla hata picha ya kioo haijatulia, kinachomoza kisanduku katikati. Duara jekundu, alama ya X nyeupe ndani yake. Juu kimeandikwa RunDLL. Chini kinalalamika kimeshindwa kuanzisha faili lenye jina la mtu aliyesinzia juu ya kibodi, wqxkzt.dll, eti moduli hiyo haipatikani. Halafu kitufe kimoja tu, OK. Hakuna "hapana", hakuna "nieleze vizuri". OK, basi.

Kisanduku hicho nimekiona mara nyingi kuliko ninavyowaona ndugu zangu wa damu. Pacha wangu ndiyo wanaanza kusoma, na neno la kwanza walilosoma wenyewe bila kusaidiwa ni RunDLL. Naapa.

Basi nikamwita. Akaja, akakaa, akapuliza kibodi (sijui kibodi ilikosea nini), akaristati. Kisanduku kikaja. Nikaruka pale nilipo: "Ndicho hicho!" Yeye hata hakusoma kilichoandikwa. Akanyanyua kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, kile kidogo, akagusa Enter kama mtu anayefuta vumbi. Kisanduku kikatoweka. Akazungusha kiti, akanitazama usoni, akasema:

"Umeona? Imeondoka."

IMEONDOKA jamani!

Nikamwambia, kaka yangu, hata mimi nikibonyeza huwa inaondoka, shida yangu ni kesho. Akajibu: "Kesho nayo unabonyeza." Nikamwomba aristati tena tuone. Akasema, "Mama, hiyo ni salamu tu ya kompyuta, uizoee." Salamu! Nimemlipa mtu aje kunifundisha kuitikia salamu.

Halafu akatoa daftari, akaandika kwa kalamu ya bluu: "Kosa la kuwaka – limeondolewa." Akanipa nisaini. Na nikasaini, maana akili ilikuwa imekufa ganzi.

Kwa kidole cha mwisho, wakuu. Angetumia hata cha shahada ningejua ameiheshimu kazi.

Kipanya Bila Mkia

Umeandika gazeti zima kumbe ni kitufe cha OK. Pole lakini.

Mzee wa Mikato

Huyo namjua! Kwangu alikuja kwa sababu ya spika, akaondoka kapiga Windows upya. Picha za miaka sita zote zikaenda. Nilipomuuliza akasema "sasa ina kasi". Ina kasi kwa sababu haina kitu ndani!

ChapaF8

Mleta uzi, weka picha ya kisanduku. Uzi bila picha haujakamilika.

Mama Pacha

ChapaF8, picha ya nini? Nimekieleza mpaka rangi. Ningekuwa na picha ya kile kidole ningeiweka.

Fundi Mstaafu

Dada Mama Pacha, pole sana. Wacha nikueleze, maana jambo lenyewe ni dogo na huyo bwana ametuaibisha sisi sote.

RunDLL yenyewe si vairasi. Ni rundll32.exe, faili halali la Windows linalokaa C:\Windows\System32, kazi yake ni kuita mafaili ya .dll (vipande vya programu visivyoweza kujiendesha vyenyewe) na kuyaendesha. Usije ukalifuta, kuna watu wamelifuta wakajuta. Kilichotokea kwako ni hivi: vairasi alipoingia aliacha agizo, "mwenye kompyuta akiingia, rundll32 aniite". Antivairasi ikamfuta mwenyewe, lakini agizo lake ikaliacha. Kwa hiyo kila ukiingia, rundll32 inatii: inaenda kumwita, inakuta hayupo, inarudi kwako kulalamika. Haisomi magazeti, haijui kwamba ameshakufa.

Ndiyo maana kubonyeza OK hakusaidii chochote. OK maana yake "nimesikia", si "futa".

Agizo linaweza kukaa sehemu kadhaa. Kwenye rejista (daftari la mipangilio ya Windows), ufunguo unaoitwa Run, na uko wa aina mbili, wako wewe na wa mashine nzima. Kwenye folda ya Startup. Au kwenye Task Scheduler (kipanga ratiba cha Windows), ambako ndiko wengi husahau kutazama. Ukitaka kuona zote mahali pamoja, chukua Autoruns, programu ndogo ya kuorodhesha vinavyojiwasha, kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Ni ya Sysinternals, na Microsoft waliinunua Sysinternals tangu 2006, kwa hiyo huhitaji kuihofia. Ifungue kwa haki za msimamizi, usubiri imalize kusoma, kisha tafuta mistari ya njano. Njano maana yake agizo lipo lakini faili lake halionekani. Ukiona lile jina lako la ajabu, usifute kwanza, toa tu tiki, uristati. Kisanduku kisipokuja, hapo ndipo urudi kulifuta.

Usiguse njano usizozijua. Na hicho kilichobaki si vairasi hai, lakini piga skani kamili kabla ya yote, kwa sababu aliyeacha agizo moja huenda hakuja peke yake.

NdugaLaini

Mbona rahisi? Nenda mtandaoni, tafuta wqxkzt.dll, ipakue, iweke System32. Kisanduku hakitarudi.

Fundi Mstaafu

NdugaLaini!! Unamwambia mtu aliyefukuza mwizi aende sokoni kumtafuta mwizi mwenye sura ile ile amrudishe nyumbani? Tovuti za kugawa .dll hujui nani kaweka nini. Jina kama hilo si la programu ya mtu yeyote mwenye akili timamu. Futa hiyo komenti, kuna watu wataifuata.

NdugaLaini

Nimetoa wazo tu mzee, usinipigie kelele.

Mama Pacha

Fundi Mstaafu, Mungu akuzidishie. Dakika tano umenieleza nilichokuwa nauliza mwezi mzima. Hebu ona basi: yule bwana angesema hata nusu ya haya, au angesema "mama, sijui", ningemheshimu. Lakini yeye alibonyeza. Kwa kile kidole. Akazungusha kiti. Mnajua kile kiti kinalia kikizungushwa? Kililia polepole, kriiii, mpaka uso wake ukafika kwangu. "Umeona?" Nimeona nini, kaka? Nimeona nini?

Kipanya Bila Mkia

Sasa hata kiti kina kesi.

Tai wa Linux

Ndiyo maana mimi nilihamia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows. Sijaona kisanduku miaka mingi.

Mzee wa Mikato

Hujaona kisanduku kwa sababu unaona maandishi meupe kwenye kioo cheusi na unajifanya umeyaelewa.

Tai wa Linux

Ukiyasoma yanakwambia kosa lilipo. Kosa ni kuyaogopa.

Saa Mbovu

Mama Pacha una bahati, wewe unabonyeza Windows ikishawaka. Mimi haifiki huko. Kompyuta yangu ya mezani kila asubuhi inasimama kwenye kioo cheusi inasema mipangilio ya CMOS (ile ya awali ya mashine yenyewe) ina kosa, bonyeza F1. Nisipobonyeza itakaa hapo mpaka kiama. Nikibonyeza inawaka, ila tarehe imerudi nyuma miaka na miaka. Halafu kila tovuti ninayofungua inasema cheti cha usalama si sahihi, siwezi kuingia hata kwenye barua pepe. Huyo huyo mnayemsema alikuja kwangu, akatikisa kichwa kama daktari wa mochwari, akasema "mazabodi imekufa, tununue nyingine", yaani ile bodi kuu ya ndani.

Fundi Mstaafu

Saa Mbovu, mazabodi yako ni nzima. Hiyo ni betri! Fungua ubavu wa mashine, utaona kijibetri cha mviringo kama sarafu, kimeandikwa CR2032. Namba yenyewe inakwambia umbo lake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Ni ya volti 3, na ndiyo inayoshikilia saa na mipangilio ukishachomoa umeme. Ikiisha nguvu, saa inasahau. Tarehe ikirudi nyuma, kompyuta inaona vyeti vya tovuti bado havijaanza kufanya kazi, ndiyo maana unazuiwa. Chomoa waya wa umeme kwanza, badilisha betri, ingia kwenye mipangilio uweke tarehe, basi.

Saa Mbovu

BETRI??? Alitaka ninunue mazabodi kwa ajili ya betri ya saa?

ChapaF8

Saa Mbovu, weka picha ya betri.

Mzee wa Mikato

Hii ya mazabodi imezidi ya OK kwa mbali. Mama Pacha umepitwa.

Mama Pacha

Sishindani na mtu. Pole Saa Mbovu, hiyo ni dhuluma. Lakini yeye alikudanganya kwa maneno, mimi kanidanganya kitu nakiona kwa macho yangu mawili, kioo kikiwa mbele yetu wote, akitegemea kwamba sitajua tofauti ya kuondoka na kutibiwa. Hicho ndicho kinachoniuma.

Tai wa Linux

Hata kwenye Linux betri ikiisha tarehe inapotea, nikiri hilo.

Kipanya Bila Mkia

Rekodi imewekwa, Tai amekiri jambo.

Pepo za Printa

Jamani wenye kisanduku cha RunDLL na wenye betri, mimi printa yangu kila nikiwasha mashine inasema haipo mtandaoni. Ipo mezani! Naigusa! Taa inawaka!

Saa Mbovu

Nimefungua ubavu. Kweli ipo, CR2032, nimeshindwa kuitoa. Kuna kichuma kinaibana. Nitumie kisu?

Fundi Mstaafu

Usitumie kisu!! Sukuma kichuma cha pembeni kwa ukucha, betri inaruka yenyewe. Upande wenye alama ya jumlisha ndio uliokuwa juu, uikumbuke.

Mama Pacha

Nimefanya kama alivyosema Fundi Mstaafu. Skani kamili imepita, safi. Kwenye Autoruns kulikuwa na mstari mmoja wa njano wenye lile jina, haukuwa kwenye rejista, ulikuwa kule kwenye Task Scheduler, umepangwa kuamka kila mtu akiingia. Nikatoa tiki. Nikaristati. Nikaweka nywila. Nikakaa nimeshika ukingo wa meza, nikihesabu. Picha ya kioo ikatulia, alama za chini zikajipanga zote, kimya. Pacha mmoja akauliza, "Mama, RunDLL yuko wapi?"

Sekunde ishirini za kutoa tiki. Na yule ameandika kwenye daftari lake kwamba aliondoa yeye, na saini ni yangu. Kesho nampigia aje na daftari hilo, alikate hilo neno mbele yangu, na nitamwangalia anatumia kidole gani.

Pepo za Printa

Samahani, kuna aliyeona swali langu la printa?

Saa Mbovu

Betri imeruka imeingia chini ya kabati.

ChapaF8

Picha ya kabati.

Tai wa Linux

Pepo za Printa, umejaribu kuiwasha kwenye Linux?

Mzee wa Mikato

Tumeanza tena.