Modeli ya plazima ya hewa ukaa: je, jotoridi la gesi lifungwe?

Mwanatasnifu, Dodoma:
Wadau, naandaa tasnifu kuhusu kuhifadhi umeme wa jua la hapa Dodoma na upepo wa Singida kwa kuvunja hewa ukaa ndani ya plazima ya maikrowevu (gesi iliyochajiwa umeme kwa mawimbi ya maikrowevu), ili ipatikane kaboni monoksaidi ya kutengenezea mafuta. Modeli yangu ya dimensheni sifuri, yaani inayochukulia gesi yote kuwa sawa kila mahali, hufuatilia viwango 21 vya mtetemo wa molekuli hadi inapokatika kwenye elektronivolti 5.5 (kipimo cha nishati), na jotoridi la gesi nimelifunga lisibadilike, kwenye kelvini 300. Ufanisi unaotoka unapita vipimo vingi vya maabara. Je, nikague vigezo vya migongano ya elektroni?

Fundi Hesabu:
Ndugu, kabla ya kugusa elektroni, fungua jotoridi na uongeze mlinganyo wa nishati ya gesi. Mmenyuko mzima unadai takriban elektronivolti 2.9 kwa molekuli, na sehemu kubwa ya nishati inayozidi hapo huishia kuwa joto. Gesi ikishapata moto, nishati ya mtetemo huhamia upesi kwenye mwendo wa kawaida wa molekuli, na ngazi ya mtetemo unayoitegemea ipandishe molekuli hadi ikatike inabomoka. Mgandamizo unapokaribia ule wa anga, kiini cha plazima hiyo hufika kelvini 3,000 hadi 6,000. Yale matokeo ya Kisovieti ya miaka ya 1980, yaliyotaja ufanisi wa zaidi ya asilimia 80, yamewavutia wengi mno kwa maoni yangu. Maabara za baadaye hazijayafikia.

Mama Kemia:
Naunga mkono. Kwa joto hilo, viwango 21 ni kuichosha kompyuta bure: vikusanye katika makundi machache, kisha nguvu uzipeleke kwenye upoaji wa gesi inapotoka. Ikipoa polepole, kaboni monoksaidi huungana tena na oksijeni, na umeme uliouweka unapotea kama joto. Kwa kuwa kiini ni cha moto na kingo ni baridi, utahitaji walau dimensheni moja, kutoka katikati hadi ukutani.

Mwanatasnifu, Dodoma:
Nashukuruni sana. Je, gesi ya viwanda vya mvinyo ingefaa?

Mama Kemia:
Uchachushaji wa zabibu hutoa hewa ukaa iliyo karibu safi, ila ni ya msimu na huja na unyevu. Ikaushe, au uingize maji kwenye modeli, kwa sababu haidroksili (kipande cha maji chenye oksijeni moja na hidrojeni moja) inayotokana nayo huirudisha kaboni monoksaidi kuwa hewa ukaa.