Kifaa gani cha kukalibreti monita (kusawazisha rangi zake) kwa kazi za picha?

Kivuli_Chepesi: Wakuu habari, naedit picha kwenye monita inayofika Adobe RGB (wigo mpana wa rangi) ila zikichapishwa zinatoka na giza kuliko navyoziona na ngozi zinakuwa nyekundu nyekundu. Nipo njia panda kati ya Spyder na Calibrite, vifaa vya kupima rangi za skrini, na kuna mtu kaniambia kama niko siriasi nichukue spektrofotomita (kipimo kinachochambua mwanga wimbi kwa wimbi) kabisa. Inalipa kweli au nitaumia mfuko tu?

RangiTatu: Hilo giza kabla hujanunua chochote shusha mwanga mkuu, monita zikitoka boksini zinawaka kama taa za uwanjani. Kwa kazi ya kuchapisha watu huweka 80 mpaka 120 cd/m² (kipimo cha mwangaza wa skrini). Wekundu sasa ndo unahitaji kifaa.

fundi_wa_skrini: Spektro ya nini kama huchapishi mwenyewe? Faida yake kubwa ni kwamba inapima hadi karatasi, unatengeneza profaili (faili la maelezo ya rangi) ya printa, na haijali skrini ni ya aina gani. Ila kwenye weusi inahangaika, na bei yake inauma. Kolorimita, yaani hizo Spyder na Calibrite, inasoma haraka na kwenye giza iko poa, tatizo inatumia filta kwahiyo lazima kwenye softiwea uchague aina ya paneli yako, na kwa monita ya rangi pana kama yako ukikosea kuchagua, nyeupe yenyewe inapinda halafu unakuja kulaumu kifaa. Mimi ningechukua Calibrite, zile za Display Pro ni ukoo uleule wa i1Display Pro ya X-Rite, na zinakubali DisplayCAL, softiwea ya kukalibreti ambayo ni ya bure. Za mtumba za zamani sana achana nazo, filta huchakaa.

Kivuli_Chepesi: Asante mkuu, sasa upande wa printa nafanyaje bila spektro?

fundi_wa_skrini: Waombe wanaokuchapishia profaili ya ICC (muundo wa kawaida wa profaili za rangi) ya karatasi yao, unaifungua kwenye programu ya kuedit unaona picha itakavyotoka.

RangiTatu: Na kabla ya kupima washa monita nusu saa ipate joto, zima ile setingi inayobadilisha mwanga yenyewe, lenga D65 (kiwango cha weupe) na gama 2.2 (jinsi mwanga unavyopanda kutoka weusi hadi weupe). Ukimaliza usishangae programu nyingine zikionyesha rangi tofauti, sio zote zinasoma profaili.